Kompaila ya Marehemu

Lori lilikuwa mbele yake. Kamera za serikali zilisema halipo.

Nafiso Daud alikanyaga mafuta. Land Cruiser ilinguruma, ikaruka shimo, ikatua kwa kishindo katika vumbi jekundu la barabara ya Modogashe. Mkono mmoja ulishika usukani. Mwingine ulinyanyua redio.

"Kituo, hapa Swala. Nina Fuso nyeupe mbele yangu, turubai la buluu. Nipeni sura ya dereva."

"Swala, hapa Kituo. Barabara tupu."

"Rudia."

"Tupu. Hakuna lori. Hata wewe hatukuoni."

Nafiso alitupa jicho juu. Mnara wa kamera ulikuwa palepale kando ya barabara, mrefu kupita migunga yote, na kamera yake ilimtazama. Alikuwa akipita chini yake mchana kweupe.

Turubai la lori likafunuka upande mmoja. Mtu akachungulia na bunduki.

Risasi ya kwanza ilipasua kioo. Ya pili ilipata tairi. Gari likayumba, likaacha barabara, likavunja vichaka na kusimama limeegemea kichuguu. Nafiso aliruka nje na Glock mkononi, akapiga goti, akalenga.

Akaishusha. Lori lilikuwa limekwisha kuwa vumbi, na vumbi lenyewe lilikuwa linaiacha barabara na kuingia nyikani, upande wa kaskazini.

Simu ya setilaiti ililia. Alikuwa Khalif, mkuu wake wa kazi, akipiga kutoka Nairobi.

"Limekuponyoka?"

"Limeniponyoka."

"Basi sikiliza. Mwenye mzigo ni yule mgeni mwenye pasipoti tatu. Ni bunduki, na ameziuza kwa pande zote mbili zinazogombania kisima. Wazee wanakutana kesho baada ya sala ya Ijumaa wapatane. Yeye hataki wapatane. Mzigo unashushwa leo jua likizama."

"Wapi?"

"Hatujui. Minara ndiyo ingetuambia."

Nafiso alifunga tairi la akiba, akageuza gari kurudi mnarani.

Mlinzi wa mnara alikuwa mtu mzima, jina lake Sugow, mwenye ndevu za hina na redio ndogo begani. Alimfungulia kibanda cha mitambo huku akitikisa kichwa.

"Dada, kamera iko sawa. Mimi nimekaa hapa tangu alfajiri. Hakuna lori imebita kwa skrini."

"Na kwa macho yako?"

Sugow alielekeza kidole barabarani. "Kwa macho imebita. Lakini wao wanauliza skrini tu. Mimi hawaniulizi."

Nafiso aliunganisha kompyuta yake ya ThinkPad na mtambo. Alianza na kerneli, kiini cha mfumo mzima, kile kinachoamua nani azungumze na kamera na nani asizungumze. Aliita orodha ya moduli, vipande vidogo vya programu vinavyochomekwa ndani ya kiini hicho vikiwa na mamlaka kama yake. Nyingi alizijua.

Moja hakuijua.

Ilikaa kati ya kamera na skrini. Kila lori fulani lilipokaribia, ilimeza picha za kweli na kutoa za zamani. Namba za malori ya kufichwa ziliandikwa humohumo ndani. Ya Fuso ile ilikuwa miongoni mwao, na Fuso ile ilisajiliwa mwezi uliopita.

Hapo ndipo alipoangalia chapa.

Moduli haizaliwi yenyewe. Mtu huandika maneno, kisha kompaila huyasaga yawe lugha ya mashine. Na kompaila huacha chapa yake ndani ya ilichokisaga, jina na toleo, kama ngamia anavyobeba alama ya ukoo wake shingoni.

Nafiso alisoma chapa ile. Akaisoma tena.

GCC (xareed) 9.3.

Xareed. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye mwamba, safi, kabla mnyama hajayagusa. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kumwita Nafiso hivyo. Alimwita hivyo jikoni, sauti ikiwa chini ili mama yake, mkwe wa Nafiso, asisikie. Na siku aliyomaliza kuijenga kompaila yake mwenyewe, akaibandika jina hilo na kumwonyesha mkewe huku akicheka.

Mtu huyo alizikwa mwaka juzi.

"Dada," Sugow aliuliza, "wewe ni mgonjwa?"

"Niletee maji, adeer," alisema, kama anayemwita ami yake.

Alikunywa. Kisha akampigia Khalif.

"Moduli imejengwa na kompaila ya Abdishakur."

Nafiso alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Abdishakur mumeo amekufa, Nafiso. Gari lake lilikanyaga bomu njia ya Masalani. Kompyuta yake iliungua naye."

"Tulizika sanda ambayo hatukuruhusiwa kuifungua, mkuu. Na mfu hajui namba ya lori la mwezi uliopita."

"Una hakika na chapa?"

"Ni jina langu."

Khalif alivuta pumzi. "Ing'oe kwanza. Mengine baadaye."

Alijaribu. Moduli ilikataa kutoka. Alizima mtambo na kuuwasha. Moduli iliamka nao. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuandika moduli yake mwenyewe, iingie katika kiini hichohicho na kuikata ile nyingine mizizi.

Aliiandika. Hakusimama hata mara moja. Alijivunia hilo, kisha akaona aibu kujivunia.

Aliisaga kwa kompaila iliyokuwa kwenye ThinkPad, toleo jipya kabisa. Kerneli ikaikataa mlangoni: muundo haulingani.

Alishusha toleo la 9.3 mtandaoni, namba ileile, akasaga upya na kuisukuma ndani kwa nguvu. Safari hii iliingia. Ilivuta pumzi moja, na mtambo mzima ukazimika kama taa iliyopulizwa.

Aliegemea ukuta wa bati. Namba ilikuwa ileile, kompaila haikuwa ileile. Abdishakur ndiye aliyeijenga kerneli ya minara hii, na aliirekebisha kompaila yake kwa mkono ili ipange vitu vya ndani kwa mpangilio wake mwenyewe, mtu asije akaingiza takataka. Mafundi wawili wakijenga nyumba moja, kila mmoja akapima kwa shibiri zake, mlango hautaingia kwenye fremu. Hapa kulikuwa na shibiri za mtu mmoja tu.

Simu ililia. "Tumefuata nyayo," alisema Khalif. "Amri ya kuchomeka moduli ilitoka kwenye dishi moja katika soko la kambi ya wakimbizi ya Hagadera, nyuma ya maduka ya simu. Helikopta iko njiani. Nikutumie mtu mwingine?"

"Mtu mwingine hajui anatafuta sura gani."

"Nafiso."

"Naam."

"Ukimkuta, ni mhalifu kama wahalifu wengine."

"Najua kazi yangu, mkuu."

Helikopta ilimshusha mbali na kambi, asije akaamsha macho. Aliingia Hagadera kwa miguu, buibui jeusi mpaka chini, nikabu usoni, ThinkPad kwenye mfuko wa plastiki, Glock chini ya kwapa. Mikokoteni ya punda ilipishana ikibeba kuni na madebe ya maji. Sokoni wanawake waliuza maziwa ya ngamia na mafuta ya msaada. Hakuna aliyemtazama.

Dishi lilikuwa limefungwa juu ya paa la duka la kutengeneza simu. Nje, mtu mrefu mwenye koti la jeshi alikaa kwenye kiti cha plastiki akitafuna mirungi. Koti lilivimba kiunoni. Nafiso alimpita akiinamisha kichwa, kama mke wa mtu aliyevunja simu.

Ndani, mwanamume alikuwa ameinama juu ya meza, akichomelea waya.

Alimjua kwa kisogo.

"Karibu, abaayo," alisema bila kugeuka, mchakacho wa buibui ukimwambia ni dada. "Simu imefanya nini?"

Nafiso alifunga pazia nyuma yake. Akainua nikabu.

Abdishakur aligeuka. Chuma cha kuchomelea kikamponyoka mkononi, na moshi mwembamba ukaanza kupanda kutoka mezani. Upande mmoja wa shingo yake ulikuwa na kovu la moto. Nywele zilianza kuwa nyeupe. Kwingineko alikuwa yeye, yeye kabisa.

"Xareed," alisema.

"Usiniite hivyo."

Alikiokota kile chuma, akakiweka mahali pake taratibu. "Umeiona chapa."

"Nimeiona."

"Nilijua ukiiangalia utaiona. Sikuifuta."

"Ulitaka nije?"

"Sijui nilitaka nini."

Pazia la nyuma likasogea. Msichana mwenye dirac, gauni jepesi refu, la manjano aliingia na birika, mimba yake imemtangulia. Alimtazama Nafiso, akatabasamu kwa adabu.

"Abaayo, chai?" Kisha akamgeukia mwanamume. "Ni nani huyu?"

Abdishakur alirudisha macho kwenye waya wake.

"Mteja," alisema.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema Nafiso. "Nitakunywa."

Msichana akamimina, akarudi nyuma ya pazia. Huko walisikia akiimba chini kwa chini, akitwanga kitu.

"Anaitwa Iftin," alisema Abdishakur. "Hajui lolote."

Nafiso alishika kikombe. Kilikuwa cha moto sana, hakukiachia. "Nieleze. Kwa ufupi."

"Bomu lilimuua dereva wangu. Yeye ndiye mliyemzika. Mimi waliniokota waliolitega. Mgeni akawalipa wale walioniteka, akaniambia sasa mimi ni wake, na kwamba anajua mke wangu analala nyumba gani Garissa. Mwanzo nilinyamaza kwa kuogopa watakuua. Baadaye nikanyamaza kwa aibu." Alisugua kovu la shingoni. "Halafu nikazoea."

Nafiso alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa huo ukweli hakuwa amejiandaa.

"Mama yako alilia mpaka macho yakaingia ukungu," alisema. "Nilimshika mkono kila usiku wa eda. Nilikuwa namwambia Mungu anajua zaidi."

Abdishakur aliweka viganja usoni.

"Lori la leo limebeba bunduki za kuvunja suluhu," aliendelea Nafiso. "Nimeandika moduli ya kuing'oa ya kwako. Inahitaji kompaila yako. Iko wapi?"

Alinyoosha kidole chini ya meza. Dell ya zamani, kona moja imeyeyuka kwa moto.

"Aweys yuko mlangoni," alisema. "Akiniona nimeifungua saa hizi atauliza."

"Mwache aulize."

Walikaa bega kwa bega kama walivyokuwa wakikaa zamani, yeye akiandika, mwenzake akisoma. Nafiso aliweka Glock mapajani, mdomo wake ukimwelekea Abdishakur. Alihamisha maandishi yake kwenye Dell. Abdishakur aliyapitia mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Hapa," alisema. "Umekata kiungo kabla ya kufunga kufuli. Picha ikiingia katikati, mnara utazimika tena. Funga kwanza, ndipo ukate."

Nafiso aliutazama mstari. Huenda ulikuwa mtego. Mtu aliyemwacha alilie sanda ya mwingine asingeshindwa kumdanganya kwa mstari mmoja. Aliufuata kwa akili toka mwanzo hadi mwisho, picha ikiingia, kufuli likiwa wazi.

Alikuwa amekosea yeye. Abdishakur alikuwa amesema kweli.

Akarekebisha.

"Isage," alisema.

Kompaila ilianza kazi. Mistari ikapanda kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine.

"Nipe talaka yangu," alisema Nafiso.

Aligeuka. "Sasa hivi?"

"Nilikaa eda ya mtu aliye hai. Sitoki hapa nikiwa mke wa mtu."

"Nafiso, ningeweza kukuambia maneno mengi."

"Ulikuwa na miaka miwili ya kuyasema."

Nyuma ya pazia mchi ulipiga kinu, ukapiga tena. Abdishakur aliangalia mikono yake.

"Nafiso binti Daud," alisema. "Nimekuacha."

"Nimesikia."

Mistari ilisimama. Hakukuwa na kosa. Hakukuwa na onyo hata moja.

Aliituma kwa dishi la paani. Redio ndogo sikioni ilikwaruza.

"Swala, hapa Kituo. Kuna kitu kinaingia mnarani."

"Ni mimi."

"Kerneli imekipokea." Redio ilikwaruza tena. "Moduli ya zamani imetoka. Subiri. Subiri. Picha imerudi. Ya kweli."

"Na minara mingine?"

"Inafuatana. Modogashe. Kaskazini ya Modogashe. Tunaliona. Fuso nyeupe, turubai la buluu, imeegeshwa korongoni. Watu sita wanashusha masanduku."

"Pigeni."

"Vikosi viko angani."

Pazia la mlango lilipasuka. Aweys alisimama pale, shavu limejaa mirungi, bastola mkononi. Macho yake yalitoka kwenye Dell, yakaenda kwa Nafiso.

"Unafanya nini wewe?" alimuuliza Abdishakur.

"Naharibu kazi yenu," alisema Abdishakur, akasimama katikati yao.

Nafiso alimsukuma Abdishakur kwa bega, akaanguka kando. Risasi ya Aweys ilipita mahali alipokuwa amesimama, ikatoboa bati. Nafiso alifyatua moja. Goti. Aweys aliporomoka akiangusha rafu ya simu, na kabla hajainua mkono tena kiatu kilikuwa juu ya kiganja chake. Nafiso aliipiga teke bastola, akamfunga kwa waya wa chaja.

Soko zima lilikuwa linakimbia. Iftin alikuwa mlangoni, mikono juu ya tumbo.

Abdishakur aliinuka, akapangusa vumbi. Alimtazama Nafiso, akautazama mlango wa nyuma uliokuwa wazi.

"Ningeweza kupita pale," alisema polepole.

"Ungeweza kujaribu."

"Na wewe ungenipiga?"

Nafiso alikumbuka alivyokuwa akiamka asubuhi na kugusa upande wa pili wa kitanda, mwezi baada ya mwezi.

"Goti," alisema.

Abdishakur aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali bei. Akanyoosha mikono yake mbele. Pingu zililia mara mbili.

Iftin alikuja akayumba, akamshika Nafiso kiwiko. "Abaayo, mume wangu amefanya nini?"

Maneno mengi yalimjia. Yote yalikuwa ya kweli na yote yangemuumiza binti huyu bure.

"Alifanyia kazi watu wabaya," alisema. "Leo amesaidia kuwazuia. Nitayaeleza yote mawili mbele ya hakimu. Una jamaa hapa?"

"Shangazi."

"Nenda kwake. Usilale peke yako."

Redio ilikwaruza. "Swala, Kituo. Lori limetekwa. Masanduku yote. Mgeni amekamatwa akiwa korongoni, anadai kuwa mtalii. Hakuna aliyekufa."

"Nimepata."

"Kazi safi."

Alizima redio.

Asubuhi iliyofuata alifika Garissa. Khalif alikuwa amependekeza polisi wapeleke habari kwa mama wa mtuhumiwa. Nafiso alikataa.

Mama Rahmo alikuwa uani kwake, ameketi juu ya mkeka, akichagua mchele kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia tena. Aliinua uso aliposikia hatua.

"Nafiso. Leo umekuja mapema, binti yangu."

"Hooyo." Alipiga magoti mbele yake. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa hata moja halikukaa mahali pake. "Abdishakur yu hai. Nimemwona kwa macho yangu."

Vidole vilisimama juu ya mchele. Mama Rahmo hakupiga kelele. Alilisukuma sinia kando, akageuka polepole kuelekea kibla, na akaanguka kifudifudi akasujudu, paji la uso juu ya mkeka, mabega yakitetemeka.

Alikaa hivyo muda mrefu.

Nafiso alimngoja. Nusu ya pili ya habari ilikuwa kooni mwake, na hakuwa na moyo wa kumwinua mtu kutoka kwenye shukrani.

Mwishowe mama aliinuka mwenyewe. Uso ulikuwa umelowa. "Yuko wapi? Mbona hukuja naye?"

"Yuko mahabusu, hooyo. Alikuwa akiwafanyia kazi wauza bunduki."

"Nani alimkamata?"

"Mimi."

Kuku walikuwa wakiokota punje zilizomwagika. Mama Rahmo aliwaacha. Alitafuta kwa mkono mpaka akaupata mkono wa Nafiso, akaushika, kisha akauachia.

"Amekonda?" aliuliza.

"Kidogo."

"Alikuwa hali asubuhi huyu. Toka utotoni." Alijifunika ushungi mpaka mdomoni. "Leo nenda, Nafiso. Siwezi kukusikia sauti leo. Kesho uje."

"Nitakuja, hooyo."

Simu ya setilaiti ilianza kutetemeka mfukoni alipofika langoni. Aliiacha iite. Alivaa miwani yake ya jua, akarudisha lango taratibu lisigonge, akaliendea gari bila haraka.

Alipokwisha kuketi nyuma ya usukani ndipo akapokea.

"Swala," alisema Khalif. "Wazee wanakutana baada ya sala. Uko tayari?"

"Niko njiani," alisema, akatia gia.